Sura ya Sita: Runinga ya Kifuani

Karibu Igogo nzima ilimtazama mwizi, na hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kumwelezea.

Jambo hili lilimkera Inspekta Sabina Chenge, lakini pia lilimtekenya. Alishazoea mashahidi wanaodai hawakuona kitu kwa sababu wanaogopa. Hawa hawakuogopa chochote. Walikuwa tayari kusema mpaka mate yawakauke, tatizo ni kwamba walichokiona kilikuwa kuku.

"Kuku gani?" alimuuliza Ngosha, mlinzi wa ghala la mzee Farouk.

"Yule wa kwenye TV, afande. Anakaangwa. Anageuzwa huku, anageuzwa kule, mafuta yanachemka, halafu kuna mama anamng'ata paja na kufumba macho. Mafuta Ng'ara, mafuta ya alizeti! Tamu kweli lile tangazo."

"Mimi nakuuliza aliyeivaa hiyo TV."

"Modesta."

"Ulimwona ni Modesta?"

"Nani mwingine, afande? Si ndiyo kazi yake? Alikuja, akanionyesha begi la betri, nikajua anataka chaji, nikamfungulia kama siku zote."

"Alisema nini?"

"TV ndiyo inasema. Yeye huwa hasemi."

"Na uso wake ulikuwaje?"

Ngosha alikuna shingo, akatazama geti, kisha akatazama viatu vya Sabina. "Afande, mtu ana TV kifuani, uso wake utautazama wa nini?"

Sajenti Yahaya, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kampuni moja ya matangazo ilikuwa imemwajiri Modesta azunguke Mwanza akiwa amevaa skrini kifuani, spika ubavuni na betri kwenye begi la mgongoni. Kichwani alivishwa petali kubwa za njano za ua la alizeti, na machoni miwani myeusi, mpaka akabaki pua na kidevu. Wiki hiyo walikuwa Igogo. Mzee Farouk, aliyependa kuwa na shamrashamra mlangoni kwake, alimruhusu achaji betri kwenye chumba cha nyuma cha ghala. Katika chumba hicho hicho mzee alihifadhi mabondo, yaani vibofu vya sangara vilivyokaushwa, mali ambayo wafanyabiashara wa samaki hufunga mlango kwanza kabla hawajataja bei yake. Jana mchana alizeti aliingia, akatoka, watu wakampungia mkono. Baadaye mfuko mmoja wa mabondo haukuonekana. Jioni Modesta akakamatwa wakati anarudisha vifaa vya kazi.

"Siku zote huja kuchaji muda gani?" Sabina aliuliza.

"Jioni jioni, akikaribia kumaliza."

"Na jana?"

"Jana alikuja jua la utosi." Ngosha alisita. "Nilidhani betri imemwishia mapema."

"TV ilikuwa inawaka alipoingia?"

"Inawaka vizuri tu, afande. Kuku si nimekuelezea..." Betri iliyokwisha haikaangi kuku.

Sabina alishukuru, akatoka. Kichwani alikuwa na sauti ya Modesta, aliyemwacha kituoni asubuhi. Dada yake alikuwa amemletea mtoto mchanga, naye alimnyonyesha akiwa amekaa sakafuni nyuma ya nondo za mahabusu, askari wa zamu akitazama pembeni kwa aibu.

"Niliivua mchana, afande," Modesta alikuwa amemwambia. "Nikaiweka kwenye gari la kampuni, chini ya turubai, nikakimbilia nyumbani kumnyonyesha mtoto. Nikiivaa ile kitu mji mzima unaniangalia. Nikiivua, hata dada wa chipsi hanitambui. Sasa nani atasema aliniona?"

Hakuna aliyesema. Sabina aliulizia njia nzima mpaka nyumbani kwa Modesta, na kweli, hakuna aliyemkumbuka. Gari la mahakama lilikuwa linaondoka mchana huo. Mkuu wake alishasema kwamba mashahidi wote wa Igogo hawawezi kukosea kwa pamoja, hivyo binti apandishwe kizimbani. Sabina aliamini wamekosea kwa pamoja, lakini imani haipelekwi mahakamani.

*

Gari la kampuni, pikapu nyeupe yenye picha ya alizeti mlangoni, lilikuwa limeegeshwa karibu na ufuko. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha ncha za turubai. Mtu yeyote angeweza kuliinua.

Waliokuwa na gari hilo walikuwa wawili, Antoni msimamizi na Shigela dereva. Wote wembamba, na fulana ya skrini ingemtosha yeyote kati yao. Sabina aliwahoji mmoja mmoja. Alianza na Shigela, kijana mpole aliyeshika kitambaa cha kufutia kioo na hakukiacha muda wote wa mazungumzo.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kamanga, afande. Bosi alinituma nivuke nikatafute mahali pa kuegesha, maana kesho tunahamia kule."

"Nani alikuona Kamanga?"

"Watu wengi, afande, ila hatujuani. Unajua kivuko kilivyo, kila mtu anawaza mzigo wake."

"Ulirudi na kivuko kipi?"

"Kilichojaa." Akatabasamu kidogo. "Vyote hujaa."

Simu yake ikaita. Aliitazama, akasema haraka, "Queen, niko na wageni, nitakupigia," akairudisha mfukoni. "Mke wangu. Samahani, afande."

Sabina akamwita Antoni, akamtaka aitandike ile fulana juu ya boneti. Antoni alithibitisha kwamba alimtuma Shigela Kamanga. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa mjini Nyamagana benki. Alijibu yote kwa ufasaha wa mtu aliyezoea kuuza. Sabina hakumtazama sana. Alikuwa ameinama juu ya skrini akipitisha kidole kwenye fremu yake, na juu kabisa, katikati, kidole kikakuta kitundu chenye kioo kidogo cha duara.

"Hii nini?"

"Hiyo ni... taa."

"Taa gani isiyowaka?"

Antoni alitazama nyuma kuona Shigela yuko umbali gani. "Ni kamera, afande. Naomba tuongee taratibu."

"Kamera ya nini?"

"Inahesabu nyuso. Mwenye mafuta anataka kujua wamemtazama wangapi, wametazama kwa muda gani, wamecheka au wamenuna. Mimi ndiye ninayejua, na ofisi. Modesta hajui. Dereva hajui. Watu wakijua wanahesabiwa hawatazami tena kwa raha zao."

"Na picha zinahifadhiwa?"

"Siku mbili. Halafu zinajifuta."

Sabina alinyooka. Alikasirika, na hakujisumbua kuficha. "Mama anayenyonyesha yuko mahabusu tangu jana, na wewe unakaa na kamera?"

"Niliogopa, afande. Hatukuwaomba watu ruhusa ya kuwapiga picha."

Antoni alipokwenda kuchukua kompyuta yake, Yahaya alisogea karibu. "Huyu huyu, Inspekta. Amedanganya bila hata kupepesa."

"Amedanganya, ndiyo. Lakini mwizi mwenye kujua kuna kamera angeifuta jana ile ile. Huyu ameitunza mpaka tumeikuta."

*

Walikaa ndani ya pikapu, vioo vimepandishwa, kompyuta ikiwa juu ya mapaja ya Antoni. Nyuso zilianza kuja.

Sabina hakuwahi kuona kitu cha namna ile. Mpelelezi huishi na nyuso zilizofungwa, na hapa kila uso ulikuwa wazi. Vijana wa bodaboda walicheka wakionyeshana kwa vidole. Mama muuza nyanya alisahau kurudisha chenji. Mzee mmoja alisimama na fimbo yake, akatikisa kichwa kulaani dunia, kisha akabaki pale pale mpaka kuku alipoiva. Macho ya wote yalikuwa yameelekea mahali pamoja, chini kidogo ya uso wa mtu aliyevaa. Sabina alijikuta anatabasamu.

"Tumeona kila mtu wa Igogo," Yahaya alilalamika, "isipokuwa tunayemtafuta. Kamera imekaa kifuani kwake, inatazama mbele. Haiwezi kumwona yeye."

"Endelea," Sabina akamwambia Antoni.

Geti la ghala lilifunguliwa, Ngosha akakenua meno. Likafuata giza la chumba cha nyuma, gunia, ukuta, gunia tena. Mikono haikuonekana. Ngosha tena, akipunga mkono. Kisha njia ya kuelekea ufukoni, nyembamba, kati ya vibanda vya mabati.

Mbele alikuwa anakuja mama mtu mzima mwenye beseni kichwani. Watu waliokuwa pembeni yake walishageuza shingo kumtazama kuku. Yeye alikuwa ametazama chini, ardhini, hatua chache mbele yake. Ghafla akasimama. Akavuta kanga ikamfunika uso, akageuka, akaipa kamera mgongo.

Papo hapo picha nayo ikageuka. Njia ikapotea, yakaja mabati. Kutu, misumari, tundu moja la kupitishia waya. Ikaganda hapo. Muziki uliendelea, kuku akaiva mbele ya bati, akang'atwa, akaanza kukaangwa upya. Picha iliporudi njiani, yule mama hakuwepo.

"Kamera imeyumba," Antoni akasema.

"Kamera haina miguu. Rudisha."

Walitazama tena. Sabina aliomba mara ya tatu, na safari hii hakutazama bati, alimtazama yule mama tu.

"Labda mwizi aliona askari," Yahaya akajaribu.

"Angeona askari angeendelea kutembea. Amejificha nyuma ya kuku, Sajenti, maficho mazuri kuliko yote Mwanza. Amepita mbele ya mlinzi na mfuko ndani ya begi la betri, hakutetereka. Halafu amekutana na mama wa beseni, akageukia bati mpaka apite. Na huyo mama naye amejificha asionane naye. Wote wawili, kwa wakati mmoja."

"Wamegombana?"

Sabina alicheka. Alicheka kwa furaha kabisa, mpaka Antoni akashtuka. "Wewe umeoa wapi?"

"Muheza."

"Ukikutana na mama mkwe wako njiani?"

"Namwamkia. Ananiuliza nimemletea nini."

"Huku kwetu Usukumani mume wangu akimwona mama yangu njiani, anaingia hata mtaroni. Mama naye anajifunika, anapisha. Hawajawahi kupeana mkono tangu niolewe, na wanapendana hao! Kila nikienda nyumbani swali la kwanza la mama ni, mkwilima wangu hajambo? Ndiyo heshima ya mkwe hiyo."

Yahaya aliitazama skrini upya. "Lakini alimjuaje? Ana petali, ana miwani, ana betri mgongoni."

"Kafunika uso. Mama mkwe ana habari gani na uso? Hajawahi kuutazama. Yeye humjua kwa miguu, anavyokanyaga, maana lazima amtambue angali mbali ili awahi kupisha. Na yule naye mazoea yamemgeuza kabla akili haijamkumbusha kwamba leo yeye ni alizeti."

Ngosha aliitwa kutoka ghalani, akafika dirishani, akaonyeshwa picha ya mama wa beseni ikiwa imesimamishwa.

"Huyo? Mama Queen," alisema bila kufikiri. "Anaanika dagaa pale mwaloni."

Sabina alifunga kompyuta polepole. Mwanza ina akina Queen wengi, alijiambia. Lakini alimtuma Yahaya awachukue Antoni na Shigela kwenda kituoni, wote wawili, kwa maneno ya kawaida kwamba kuna maelezo ya kusaini.

*

Mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukoni, dagaa walikuwa wametandazwa juu ya nyavu, wanang'aa juani. Mama Queen alikuwa amechutama, anawageuza kwa viganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka debe au kisado?"

"Nataka kukuuliza, mama. Mimi ni askari." Sabina alichutama naye, akaanza kugeuza dagaa upande wake. "Jana mchana ulikutana na mtu wa TV kule kwenye mabati."

"Nilisikia kelele zake."

"Hukumtazama. Watu wote walimtazama."

"Nina beseni kichwani, nimtazame nidondoshe mzigo?"

"Ulijifunika uso ukampa mgongo."

Mikono ya mama iliacha kufanya kazi. Ndege mmoja alitua kwenye ncha ya wavu, akaiba dagaa, na mama hakumfukuza.

"Wewe mtu wa wapi?" aliuliza.

"Magu, mama."

"Basi unajua. Kwa nini unaniuliza kitu unachokijua? Unataka nilitamke jina la mkwe wangu? Halitamkwi."

"Mimi sijasema alikuwa mkwe wako, mama."

Mama Queen alifumba macho. Sabina hakuona ushindi wowote katika hilo. Aliona haya, kwa sababu angeweza kuwa mama yake mzazi aliyechutama pale.

"Mwanangu ana watoto," mama alisema baadaye. "Baba yao akifungwa, mimi ndiye nimemfunga. Nitakaa vipi na Queen?"

"Sijui, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini kuna binti amefungwa badala yake. Ana mtoto mchanga, ananyonyeshwa sakafuni mahabusu. Gari la mahakama linaondoka leo. Mimi nina picha ya bati tu. Nikimpelekea mkuu wangu bati, atanicheka. Bila wewe sina kitu, na yule binti anakwenda."

"Mtoto wa kike?"

"Wa kike. Anaitwa Fadhila."

Mama Queen alisimama kwa shida, akashika magoti. Alikwenda majini, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi akiikung'uta kanga yake.

"Mimi hizo karatasi zenu siwezi," alisema. "Nipeleke alipo."

*

Kwenye korido ya kituo kulikuwa na benchi moja refu. Antoni alikuwa ameketi mwanzoni mwake, Shigela mwishoni. Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi. Modesta alikuwa ameshatolewa, mkono mmoja umefungwa pingu pamoja na wa askari wa kike, dada yake akiwa nyuma amembeba mtoto anayelia. Nje gari la mahakama lilishawashwa.

Sabina aliingia kwanza. Mama Queen akafuata.

Shigela aliinuka hata kabla hajamwona vizuri. Aligeukia ukuta, akainamisha kichwa, mabega ameyakunja ili njia iwe pana. Yahaya alimwangalia, kisha akamwangalia Sabina, kinywa wazi. Sabina aliinua mkono kuwazuia wote, askari, Modesta, hata dereva wa gari aliyechungulia mlangoni kuuliza wanachelewa nini.

Mama Queen angeweza kupita. Njia ilikuwa imeachwa, na yeye miaka yote alikuwa akipita. Alisimama katikati ya korido, anahema. Sabina aliogopa kwamba amemwomba kitu ambacho mtu hapaswi kuombwa.

Mama akaishusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani.

"Shigela."

Yule kijana alizidi kujibana ukutani aliposikia jina lake katika sauti ile.

"Geuka."

"Mama, hapana. Tafadhali."

"Nimesema geuka, unitazame."

Aligeuka. Macho yake yaliganda kwenye sakafu kwanza, yakapanda kidogo kidogo, yakafika. Walitazamana. Modesta hakuelewa kinachoendelea, lakini alianza kulia, na dada yake akamsogezea mtoto.

"Mabondo ya watu yako wapi?"

"Chini ya kitanda chetu, mama." "Queen hajui. Naapa Queen hajui kitu."

"Mwambie afande. Usiniambie mimi."

Shigela alimgeukia Sabina, akasema yote, kwamba hakuvuka kwenda Kamanga, kwamba aliinua turubai Modesta alipoondoka, kwamba alijua hakuna atakayemtazama usoni. Yahaya aliandika kwa haraka. Sabina mwenyewe alichukua ufunguo, akafungua pingu ya Modesta, na mtoto akanyamaza palepale alipowekwa titini. Dereva wa gari la mahakama aliambiwa azime injini.

Askari wawili walimshika Shigela kila mmoja mkono. Mama Queen alikuwa bado amesimama mbele yake, anamtazama kwa makini, paji, pua, kidevu, kwa udadisi wa mtu aliyefika nyumba aliyoisikia siku nyingi.

"Kumbe una kovu hapa," alisema taratibu, akijigusa mwenyewe chini ya jicho. "Queen hakuwahi kuniambia."